D ya Kemia na dozi ya mtoto

Msimu wa vitunguu Lumuma, kijana wa kidato cha nne anasimama kando ya majaruba na bomba la lita 16 mgongoni. Kwenye chupa ya kiuatilifu imeandikwa mililita 40 kwa lita 20 za maji. Bomba lake si la lita 20. Hatafuti kalamu wala simu. Anashika kifuniko cha kupimia, anajaza, anapunguza kidogo, anamimina: mililita 32. Ukimuuliza kazipataje, atakujibu kwamba ni mbili kwa kila lita, na bomba lina lita 16. Anajua pia kwamba akizidisha majani yataungua, na akipunguza wadudu watabaki na pesa ya mzee itakuwa imekwenda na maji.

Baada ya matokeo ya mtihani, kijana huyo huyo au dada yake anaweza kujikuta darasani katika chuo cha famasia. Ubaoni kuna swali. Mtoto ana kilo 12 na homa. Anatakiwa kupewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Apewe mililita ngapi? Darasa zima kimya. Mmoja anasema mimi na hesabu tuliachana tangu kidato cha pili, wenzake wanacheka, na mwalimu naye anaongeza kwamba hesabu za dozi zinataka kichwa.

Jibu ni mililita 7.5. Miligramu 15 mara kilo 12 ni 180. Kama 120 zimo ndani ya mililita 5, basi 180 zimo ndani ya 7.5. Hatua ni zile zile alizopita kijana wa Lumuma shambani bila kalamu. Kilichobadilika ni kwamba shambani hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kupima dawa ya vitunguu kunataka kichwa. Alioneshwa, akakosea, miche ikaungua, akaoneshwa tena.

Lumuma ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, milimani upande wa magharibi ambako wilaya inapakana na Mpwapwa. Vitunguu vyake vya umwagiliaji vinajulikana sokoni kuliko jina la kata yenyewe. Nimeichagua kwa sababu ni moja ya sehemu ambako mtu anayekabidhi dawa hubeba mzigo mkubwa kuliko cheti chake. Hospitali ya wilaya iko Kilosa mjini, na Mikumi kuna hospitali ya Mtakatifu Kizito, lakini mtoto akichemka usiku milimani, anayegongewa mlango ni wa karibu: mhudumu wa zahanati au muuza duka la dawa. Namna watu hawa wanavyofundishwa ni jambo la kufa na kupona. Na jambo ninalotaka kulisema ni hili: elimu yetu ya famasia bado inapanga wanafunzi kwa vichwa, na kwa kufanya hivyo inawafundisha kuficha wasichokijua.

Tuanzie mlangoni. Ili kujiunga na kozi ya cheti cha sayansi ya dawa unatakiwa uwe na ufaulu wa angalau D nne katika mtihani wa kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini, na Kemia na Biolojia ziwemo. D ya Kemia inatosha. Huo ni mlango mzuri na sitaki ufungwe, maana bila huo watoto wengi wa shule za kata wasingeikaribia fani hii. Lakini angalia anavyoingia mwenye D hiyo. Ametoka shule ambako maabara ni chumba chenye meza, na jaribio la asidi na besi amelisoma kwenye daftari la aliyemtangulia. Tangu shule ya msingi amesikia darasa likigawanywa kuwa vipanga na vilaza. Kufika chuoni anakuta msamiati mwingine wa jamii hiyo: kula sapu (kurudia mtihani), kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), kusoma desa (notisi za kunakili). Kabla hajashika chupa ya kwanza ya dawa, ameshahukumiwa, na hukumu ameikubali.

Mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ameitafiti hukumu ya namna hii kwa miongo kadhaa. Kitabu chake cha mwaka 2006, Mindset, kilieneza duniani wazo kwamba kuna wanaoamini akili ni kipimo alichopewa mtu mara moja, na kuna wanaoamini kuwa hukua kwa kazi, kwa mbinu nzuri na kwa msaada wa wengine. Imani hizo mbili huwafanya watu waishi tofauti na kosa. Kwa wa kwanza, kosa ni hukumu. Kwa wa pili, kosa linamwonesha pa kuanzia.

Mwaka 1998 Dweck na mwenzake Claudia Mueller walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa darasa la tano. Watoto walifumbua mafumbo, kisha baadhi wakasifiwa kwa kuwa na akili na wengine kwa kujituma. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, waliosifiwa akili wengi wao walichagua nyepesi. Walipopewa mafumbo magumu wakashindwa, hata kazi yao ya baadaye ilishuka. Lakini kuna sehemu ya utafiti huo ambayo haitajwi sana, na kwangu ndiyo inayohusu famasia moja kwa moja. Watoto waliombwa kuwaandikia wenzao wa shule nyingine na kutaja alama walizopata. Miongoni mwa waliosifiwa akili, karibu wanne katika kila kumi walizipandisha alama zao. Waliosifiwa kujituma waliofanya hivyo walikuwa wachache.

Watoto walidanganya wageni ambao wasingekutana nao kamwe, ili tu waendelee kuonekana wana akili. Sasa mweke mtu mwenye tabia hiyo nyuma ya dirisha la dawa.

Mama anafika dukani na mtoto mgongoni. Kipimo cha haraka kimeonesha malaria. Dawa mseto, yaani ALu, hutolewa kwa uzito: mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa mara moja, na wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa viwili. Hunywewa mara mbili kwa siku kwa siku tatu, dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ya kwanza, na vizuri inywewe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Kwa hiyo mtoto mmoja ataondoka na vidonge 6 na mwingine na 12. Mizani haipo, au ipo na betri imekufa. Mtoa dawa anauliza umri, mama anasema miaka minne. Jedwali la umri linasema vidonge viwili. Lakini mtoto huyu ni mwembamba, na ukimbeba unahisi hafiki kilo 15. Pengine ana 13. Ufanyeje?

Jibu la kitaalamu ni kutafuta mizani, hata ya jirani, au kumpigia simu mhudumu wa zahanati. Jibu la binadamu anayeogopa kuonekana kilaza ni kukata vidonge haraka na kuandika kwenye bahasha kwa mkono usiotetemeka. Ugumu unazidi kwa sababu vijijini kwetu kila anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa huitwa dokta. "Dokta, nisaidie mwanangu." Aliyeitwa dokta na mama mwenye machozi anahitaji moyo wa aina ya pekee kusema, "Subiri kidogo mama, hapa sina uhakika, ngoja niangalie kitabu." Moyo huo hauoti siku ya kupewa cheti. Hujengwa darasani, au hubomolewa darasani, kila mara mwanafunzi anapouliza swali la msingi na kuona anavyopokelewa.

Nasema hivi nikijua kuwa walimu wengi wanapenda wanafunzi wao. Wengi wenyewe walifundishwa kwa kuaibishwa na wanaamini aibu ndiyo iliyowakomaza. Mwalimu anayesema "famasia si ya kila mtu" mara nyingi anafikiria mgonjwa, anaogopa kumpitisha asiyeweza. Hofu hiyo naiheshimu. Ninachopinga ni dhana kwamba kumwambia mwanafunzi hana kichwa ni njia ya kumlinda mgonjwa. Aliyeambiwa hivyo na bado akapita mtihani kwa kukariri ndiye wa kuogopwa kuliko aliyefeli, kwa sababu ameondoka chuoni na ujuzi mmoja alioupata barabara, nao ni kuficha.

Morogoro ina historia yake katika jambo hili, na inafaa ikumbukwe. Zamani vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu, lakini chini ya meza mliweza kupata karibu kila kitu, antibiotiki zikiwamo, kutoka kwa muuzaji ambaye pengine alikuwa muuguzi msaidizi au ndugu tu wa mwenye duka. Mwaka 2003 Serikali, kupitia Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule na washirika wake, ilianza mkoani Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Badala ya kuwafukuza wauzaji wale, iliwaweka darasani kwa wiki kadhaa, ikawaruhusu kisheria kuuza orodha maalumu ya dawa muhimu, ikawawekea ukaguzi na kumbukumbu za maandishi. Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufuata baada ya Ruvuma, na baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Sheria ya Famasia ya mwaka 2011 iliimarisha nafasi ya Baraza la Famasia katika kuwasimamia.

Tathmini ya Ruvuma ilifanywa kwa kutumia wateja wa siri: mtu anaingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, anaeleza shida, anaondoka na kuandika alichopewa. Kabla ya mpango, mteja aliyeeleza mafua na kikohozi cha kawaida aliuziwa antibiotiki katika ziara 39 kati ya kila 100. Baada ya mafunzo ikashuka hadi 14. Utoaji wa dawa sahihi ya malaria kwa kufuata mwongozo wa taifa ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 24.

Hiyo 24 ina mengi ya kufundisha. Anayeamini vichwa vimeshagawanywa ataiona na kusema, mnaona, tumewafundisha na bado robo tatu wanakosea, watu hawa hawafundishiki. Lakini watu wale wale ndio waliojifunza kutouza antibiotiki kwa mafua. Kilichoshindikana kwenye malaria si kichwa. Ilikuwa dawa yenyewe na mazingira yake. Mteja huingia akiitaja dawa anayoitaka, pesa mkononi, na duka la pili liko hatua chache mbele. Mwalimu mwenye imani kuwa watu hukua huichukua asilimia 24 kama ripoti ya kazi yake mwenyewe: somo gani halikueleweka, hali gani ya dukani hatukuifanyia mazoezi, nani hakurudi kuwatembelea.

Naandika hivi pia kwa sababu wazo la Dweck limeharibiwa na wapenda mabango. Wapo waliolifanya wimbo wa asubuhi: jiamini, unaweza, akili hukua. Ushahidi hauungi mkono wimbo huo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na Victoria Sisk na wenzake, uliokusanya tafiti nyingi, ulionesha kuwa kwa jumla uhusiano kati ya imani hiyo na ufaulu ni mdogo. Mwaka uliofuata David Yeager na wenzake, Dweck akiwamo, walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa wanafunzi wapatao 12,000 wa sekondari za Marekani. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kidogo baada ya mafunzo mafupi ya mtandaoni, na walipanda zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenzao wenyewe walithamini kujaribu mambo magumu. Maana yake nzito ni kwamba imani ya mwanafunzi peke yake haibebi kitu kama darasa linaiadhibu kila inapojitokeza.

Na madarasa yetu yanaiadhibu kwa njia nyingi, nyingine hazionekani. Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lugha. Mafunzo ya watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu yalitolewa kwa Kiswahili, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kufaulu kwake. Vyuo vinafundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa shule ya kata anayeelewa kabisa kwa nini dozi ya antibiotiki isikatizwe hushindwa kulieleza kwa Kiingereza mbele ya darasa, anakaa chini, na darasa linamhesabu kuwa hajui. Wakati wa kazi, mgonjwa wake wa Lumuma atamweleza shida kwa Kiswahili, na kwa Kisagara pale Kiswahili kinapokwama. Sisemi Kiingereza kiondolewe, maana maandishi ya dawa na vitabu vyake viko katika lugha hiyo na lazima avisome. Nasema mwalimu anayepima famasia ajue siku gani anapima famasia na siku gani anapima Kiingereza.

Baada ya lugha kuna vifaa na ada. Huwezi kumwambia mwanafunzi kwamba atakua kwa mazoezi halafu mizani ya maabara ikawa moja kwa darasa zima na kila mmoja akaigusa mara moja kwa muhula. Nalisema kwa ufupi kwa sababu halihitaji nadharia, linahitaji pesa.

Yapo yanayowezekana bila pesa. Hesabu za dozi zinaweza kuanza na bomba la lita 16 na chupa ya kiuatilifu, kisha zikaja kwa mtoto wa kilo 12. Mwanafunzi akiona amekuwa akizifanya miaka yote, nusu ya hofu imeondoka. Jaribio la hesabu hizo lirudiwe mpaka kila mmoja apate zote. Katika dozi ya mtoto hakuna maana ya asilimia 60: anayepata sita katika kumi ameumiza watoto wanne. Hapa watu huelewa vibaya, wakidhani kuamini kwamba mwanafunzi anaweza kukua ni kumlegezea kamba. Kwenye famasia ni kinyume chake. Kiwango kinapanda hadi mwisho, na kinachoongezwa ni muda na nafasi za kukifikia. Mfumo wetu unafanya kinyume: muda ni mmoja kwa wote, na kiwango ndicho kinachoshushwa mpaka alama ya kupita.

Sapu yenyewe inaweza kugeuzwa. Leo mwanafunzi hupewa tarehe ya kurudia na gharama zake, halafu huachwa na daftari lile lile lililomfelisha. Karatasi yake ya kwanza huwa haioni tena. Angerudishiwa, akakaa na mwalimu nusu saa, akaeleza kwa mdomo alifikaje kwenye kila jibu lisilo sahihi, ingegundulika kwamba mwingine hajui kugawanya, mwingine anachanganya miligramu na mikrogramu, na mwingine anajua kila kitu ila hakuelewa swali. Hao ni watu watatu wenye matibabu matatu. Mtaalamu wa dawa asingekubali kuwapa wagonjwa watatu tofauti kidonge kimoja, na sioni kwa nini akubali hilo darasani.

Tena kuna mazoezi ya dirishani, mwanafunzi mmoja akiwa mgonjwa na mwingine mtoa dawa. Muhimbili, ambako shahada ya famasia ilianza kufundishwa miaka ya 1970, ilihamia mwaka 2011 kwenye mitaala inayopima umahiri, yaani kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya mbele ya mgonjwa. Katika mazoezi kama hayo ningetaka alama zitolewe waziwazi kwa anayesema "sijui, naangalia", na zikatwe kwa anayebahatisha hata kama amebahatisha sawa. Mwanafunzi atacheka siku ya kwanza. Muhula ukiisha itakuwa mazoea.

Jambo hili halina nafasi ya kusubiri kwa sababu dawa zenyewe hazisubiri. Anayekumbuka Kilosa ya miaka ya tisini anakumbuka klorokwini, uchungu wake na muwasho wake. Mwaka 2001 nchi iliiacha kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, ikaingia dawa ya SP, ambayo watu wengi waliipokea kwa hofu. Kufikia mwanzoni mwa 2007 dawa mseto ilikuwa imechukua nafasi yake, na SP ikabaki kinga kwa wajawazito. Kwa malaria kali, sindano ya kwinini ilipisha artesunati, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likapandisha dozi yake kwa watoto walio chini ya kilo 20, kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo. Mhudumu aliyesoma miaka ya tisini na kujiona amemaliza, amekuwa na makosa mara zote hizo huku akijiamini.

Mwaka 2024 watafiti wa Tanzania na wenzao walichapisha ushahidi kutoka Karagwe, mkoani Kagera, kwamba vimelea vyenye usugu wa kiasi dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimeshakuwepo huko na vinaipunguzia dawa kasi ya kufanya kazi. Wanaosoma cheti cha famasia mwaka huu watakuwa kazini mwongozo wa malaria utakapobadilika tena. Watalazimika kusahau jedwali wanalolikariri leo, na kwenda kumweleza mama aliyezoea vidonge vya njano kwa nini safari hii anapewa vingine. Mtoa dawa wa milimani Kilosa atakuwa na swali hilo hilo dukani kwake, na mafunzo yake ya mwanzo yatakuwa ya miaka mingi iliyopita. Halmashauri, Baraza la Famasia na vyuo vya mkoa vina muda wa kupanga sasa nani atamfuata alipo, kwa lugha gani, na nauli italipwa na nani, ili mafunzo yafike Lumuma kabla dawa mpya haijafika.